Siku Nane na Mama Mkwe

Jumamosi, tarehe 2 Agosti

Mpango umekamilika. Leo ni wiki ya saba tangu mke wangu ahamie kwa mama yake. Aliondoka siku aliporudi kutoka shuleni anakofundisha akakuta makochi yako uani na sebule imejaa magunia ya uyoga. Nilikuwa na nia ya kumwambia. Uyoga unataka giza na unyevu, na sebule ilikuwa na vyote viwili baada ya mimi kuziba madirisha. Kilimo chenyewe hakikuwa na kasoro.

Simu zangu hapokei. Nimelifikiria jambo hili kwa kirefu kazini, masjala, mahali ambapo mtu hupata nafasi ya kufikiri. Mke wangu humsikiliza mtu mmoja tu duniani, naye ni mama yake. Na mama yake, mkunga mstaafu wa miaka sitini na sita, keshokutwa anaanza safari ya miguu ya siku nane kupita msituni na mlimani. Kilomita mia moja na kumi. Nimejiandikisha kimyakimya. Kwa siku nane hatakuwa na pa kunikimbia. Tukifika mwisho atakuwa wakili wangu.

Mazoezi nimefanya. Juzi nilipanda ngazi za ofisi hadi ghorofa ya tatu. Lifti ilikuwa mbovu, lakini mguu haujui sababu. Viatu vya kupandia mlima nimeazima kwa dereva wa ofisi. Ni namba moja chini ya yangu. Ngozi hutanuka.

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Tulikutana asubuhi kwenye geti la hifadhi. Mama mkwe aliponiona aliniuliza kama nimepotea. Nikamwambia napenda mazingira. Alinitazama miguuni, akanitazama usoni, akaenda kufunga kamba za viatu vyake.

Halafu nikapata pigo. Msafiri wa tatu ni mfamasia. Ndiye yule aliyepeleka posa kwa mke wangu kabla yangu, na Mama mkwe hajawahi kuficha kwamba yeye angemchagua huyo. Mrefu, mabega mapana, soksi za akiba ndani ya mfuko wa plastiki. Anamwita Mama. Naye anamwita mwanangu. Mimi ananiita wewe bwana.

Anayetuongoza ni mwanamke mwembamba wa maneno machache. Wenzake wanamwita Dira kwa sababu hajawahi kuitumia. Alipima mabegi yetu. La mfamasia kilo kumi na mbili. La Mama mkwe kumi na moja. Langu ishirini na mbili. Aliniuliza nimebeba nini. Sikuona haja ya kueleza mbele za watu: albamu ya picha za harusi yetu, ya kumlainisha Mama mkwe jioni, kiti cha kukunja, cha kumkalisha wakati anaangalia albamu, mchele kilo nne. Koti la mvua nililiacha ili kupunguza uzito. Redio ilisema jua.

Baada ya saa tatu za kupanda, mabega yaliwaka moto. Tulipopumzika mchana, mfamasia alikwenda kuchota maji mtoni. Nikauhamishia mchele wangu wote chini kabisa ya begi lake. Aliporudi akalibeba, alitikisa mabega mara mbili, akasema mwili huwa mzito ukishapoa. Dhamiri yangu i safi. Wali ungeliwa na wote.

Jioni kambini kiti Mama mkwe amekikataa. Alikaa juu ya jiwe. Nimekikalia mimi, ili kisiwe kimekuja bure, kikavunjika.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Mvua tangu alfajiri. Redio ya nchi hii haiaminiki.

Nimelowa hadi mifupa. Ndani ya begi langu unga, sukari na biskuti vimekuwa kitu kimoja. Picha za harusi zimegandana: naonekana nafunga ndoa na shangazi.

Jioni kambini Dira alisema chakula kimepungua. Mfamasia akafungua begi kutafuta nguo kavu, akakuta mchele. Mkavu. Alishangaa kwa dhati. Akasema lazima dada yake ndiye aliyemfungia bila kumwambia, maana anamjali sana. Mama mkwe akasema mtu wa familia njema hujulikana safarini. Alilisema akiniangalia mimi.

Nilikula sahani mbili za mchele wangu mwenyewe na nikamshukuru mfamasia kwa kumpa mkono.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Ngozi ya viatu haikutanuka. Iliyotanuka ni ya miguu yangu. Malengelenge sita, moja likiwa kubwa kama dole gumba.

Nilijitia hamnazo hadi saa nne. Nilitembea kwa visigino, kisha kwa vidole, kisha kwa pembeni kama kaa. Mfamasia aliniuliza, kwa upole unaokera, kama ninahitaji dawa. Nikasema huo ndio mwendo wangu. Mama mkwe akasimama katikati ya njia.

"Kaa chini. Vua."

Nikasema haifai, Mama, mguu wangu mikononi mwako, watu watasema nini. Akanijibu kwamba hapa porini hakuna watu, na kwamba kwa miaka thelathini na nane ameshika watu katika hali mbaya zaidi ya hii, na wote walikuwa na heshima ya kutosha kunyamaza. Akachoma sindano kwenye moto wa kiberiti. Akaniambia nivute pumzi, nitoe polepole. Nikavuta. Nikatoa. Aliniambia nafanya vizuri, karibu tunamaliza. Nadhani alisahau kidogo mimi ni nani.

Alitoboa yote sita, akafunga bandeji. Mikono yake haitetemeki hata kidogo. Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu mke wangu, lakini si hotuba ambayo mtu anaweza kuitoa akiwa amekunja suruali. Jioni, hata hivyo, alinimiminia chai bila kuombwa. Mpango unakwenda vizuri.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Siku ya kuandika kwa ufupi, lakini siwezi.

Wazo lilinijia asubuhi nikiwa na ramani mkononi. Njia inazunguka kilima kikubwa. Ukikikata katikati, unafika kambini saa mbili kabla ya wengine. Ungewasha jiko. Ungechemsha maji. Mama mkwe angefika amechoka, amkute mkwewe na kikombe cha chai. Nikawaambia natangulia kidogo kuwapisha wenye miguu mizima. Dira alinionya nisitoke njiani. Nikasema ndiyo.

Katikati ya kilima hapakuwa na kilima. Palikuwa na bwawa la matope na majani marefu. Kiatu cha kushoto kilibaki humo. Nilitembea saa tatu kuelekea mashariki, kwa uhakika kamili, nikafika mahali pazuri penye majivu ya moto na kiti kilichovunjika. Ni kambi ya Jumatatu; kumbe njia yetu ya siku mbili ilikuwa imejipinda ikarudi karibu nayo.

Nilikaa hapo. Nikafikiri kwamba kama sitapatikana, mke wangu ataambiwa nilifia njiani nikimtafutia mama yake chai, na kwamba kwa namna fulani hilo lingesaidia. Kisha nikaogopa kweli. Msitu ulikuwa kimya sana. Nikaita. Sikuita jina la mtu. Niliita Mama.

Aliyeitika ni yeye. Walikuwa wameligundua pengo, Dira na mfamasia wakaingia bwawani, na Mama mkwe akarudi nyuma peke yake kwa sababu, alisema baadaye, mtu akipotea huelekea alikotoka. Nilimwona akishuka kwenye mawe ya mto upande wa pili, fimbo mkononi, uso umekunjamana kwa hasira na kitu kingine. Alinyanyua mkono kuniambia nisisogee. Jiwe likageuka. Akaanguka.

Kifundo cha mguu wa kulia. Umeteguka, haukuvunjika, aliupima mwenyewe, akaniamuru nishike hapa, niache pale, kama mtu anayemtibu mgonjwa mwingine. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia kidogo, nyuma ya mti.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Jana wenzetu walitukuta saa kumi na moja, wakatupigia hema palepale. Leo asubuhi Dira akaeleza hali kwa maneno kumi: kurudi getini ni kushuka mawe tupu, mbele kuna njia fupi ya kilomita arobaini, laini. Mama mkwe akachagua mbele. Mfamasia akajitolea kumbeba mgongoni.

"Mimi si gunia," akasema Mama mkwe.

Anaweza kukanyaga mguu akipata bega la kuegemea. Wakajaribu bega la mfamasia. Liko juu mno. Alining'inia kama nguo kambani. La Dira ni jembamba. Likajaribiwa langu. Sawasawa kabisa. Ufupi wangu, ambao siku ya posa Mama mkwe aliusema waziwazi sebuleni kwake mbele ya wajomba zangu, ndio urefu hasa aliouhitaji.

Mfamasia amenipa kandambili zake za akiba na amebeba begi langu na la Mama juu ya lake. Watu wa namna hii hawajui kuchukiwa, na hilo linachosha.

Tumekwenda kilomita tisa. Hatua, tunasimama. Hatua, tunasimama.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Kilomita kumi na mbili. Bega limekufa ganzi. Leo nilikuwa naye peke yangu saa sita nzima, kinywa chake karibu na sikio langu. Hata mimi nisingeweza kupanga vizuri hivyo. Nikatoa hotuba. Nilieleza kuhusu uyoga, soko la uyoga, mustakabali wa uyoga. Aliniacha nikamaliza.

Kisha akaniuliza kama najua kwa nini mke wangu aliondoka.

"Uyoga, Mama."

"Uyoga anaupenda tangu mdogo. Hukumwuliza. Alifungua mlango wa nyumba yake akajiona mgeni."

Nimeliandika hili hapa ili nisisahau: anapenda uyoga tangu mdogo. Ni taarifa ya maana sana, na katika miaka kumi na moja hakuna aliyenipa.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Ukingo wa mlima. Njia upana wa meza, upepo wa ubavuni, bonde chini kijani hadi macho yanachoka. Katikati Mama mkwe alisimama. Niliuhisi mkono wake ukikaza. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hawezi. Sijawahi kumsikia akisema neno hilo.

Sikuwa na mpango wowote. Nikamwambia avute pumzi. Atoe polepole. Nikamwambia anafanya vizuri, karibu tunamaliza. Tukavuka hivyo, nusu saa nzima.

Upande wa pili tulikaa chini wote wawili. Kwa sababu nisiyoijua nikamwambia kila kitu: kwamba nilionywa nisitoke njiani nami nikashika njia ya mkato, na kwamba ule mchele ulikuwa wangu.

"Nilikuona ukiutia," akasema. "Nilitaka kujua utanyamaza mpaka lini, mwanangu."

Nimeliandika neno kama alivyolisema. Mfamasia alikuwa hatua kumi mbele na nina hakika alisikia.

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Tumefika.

Mke wangu alikuwa kwenye geti la mwisho na gari la kukodi, maana Dira alipiga simu tulipopata mtandao. Alimwona mama yake akitoka msituni ameniegemea, mimi na kandambili, ndevu na tope. Alikuja mbio. Akamkumbatia mama yake, na kwa kuwa tulikuwa tumeshikamana, akanikumbatia na mimi. Alikaa hivyo kwa muda.

Mama mkwe akamwambia nimemsaidia kutembea siku nne. Akamwambia pia kwamba bila mimi asingehitaji kusaidiwa. Mke wangu akacheka. Wiki nane sijasikia kicheko hicho. 

Njiani kurudi mjini akaniambia atarudi nyumbani, lakini ana sharti moja. Si pesa, si uyoga, si kazi yangu. Kabla sijafanya jambo linalomhusu, nimwulize. Basi.

Nikamwambia nimeelewa. Na nimeelewa kwa moyo wangu wote.

Jumamosi, tarehe 16 Agosti

Mke wangu amerudi tangu Alhamisi. Makochi yamerudi sebuleni, madirisha yako wazi. Jana alipika, tukala tukizungumza hadi chakula kikapoa. Amesema likizo ya Desemba hataki kwenda popote. Anataka kulala, kusoma, na kuketi kivulini.

Amechoka, maskini. Anahitaji hewa.

Leo, yeye akiwa sokoni, nimejaza fomu ya safari ya siku ishirini na moja, kilomita mia tatu na hamsini, kuanzia tarehe mbili Desemba. Watu watatu: mimi, yeye na Mama mkwe. Pa kutia saini yake nimeitia mimi, naijua vizuri. Nimemwandikia pia mwalimu mkuu wake kwamba mwaka huu asimpangie kusahihisha mitihani. Nilisita kidogo kuhusu kumwuliza kwanza. Lakini hii ni zawadi, na mtu huulizwa kuhusu jambo, haulizwi kuhusu zawadi.

Jioni Mama mkwe amepiga simu. Kifundo kinaendelea vizuri. Aliniuliza kama kweli nimetulia sasa. Nikamwambia nimetulia kabisa, Mama, na nikamwuliza, kwa kupitia tu, anavaa viatu namba ngapi.