Mchuzi wa Kijapani na Ufunguo wa Stoo

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Daftari yangu mpendwa, pokea salamu nyingi katika jina la Bwana. Afya yako ikoje? Ule mgongo wako uliong'oka unaendelea aje, gundi imeshika? Mimi ni mzima, ila roho haijatulia. Nitakuambia wewe peke yako kwa sababu wewe huna mdomo, na hapa Tawa wenye midomo ni wengi.

Jana kanisani Kisilu, katibu wetu, alisoma matangazo. Mimi nilikuwa jikoni nyuma, napigana na kuni mbichi. Nikasikia vipande. "Askofu... Japani... Jumapili ijayo atakula na sisi." Moyo ukaruka. Askofu ametoka Japani! Anakuja kwetu, vumbi yote hii ya Agosti!

Halafu Pasta Evanson akaongeza jambo, na hili nilisikia lote. Baada ya hicho chakula atatangaza ni nani ataongoza jikoni ya kanisa miaka mitatu ijayo. Mimi ama Kavindu.

Miaka tisa ufunguo wa stoo umekaa shingoni mwangu. Naoga nao. Kavindu ni msaidizi wangu, ana gesi ya meko matatu, na pilau yake inasifiwa mpaka soko la Kabati. Mwezi uliopita alisema mbele ya kina mama wote eti shingo yangu inahitaji kupumzika. Shingo yangu! Nilimsamehe hapo hapo. Namsamehe kila asubuhi.

Nimewaza hivi. Mtu akitoka Japani, tumbo bado liko Japani. Ukimpa pilau atasema asante. Ukimpa chakula cha Kijapani atalia machozi. Na Askofu akilia, Kavindu amekwisha.

Jumanne, 5 Agosti

Binti yangu Kaluki, yule yuko Emali, amenitumia video kwa simu. Mchuzi unaitwa teriyaki. Mzito, mtamu, unang'aa kama viatu vya bwana harusi. Unapakwa kuku. Vitu vyake ni vichache: soya, sukari au asali, tangawizi, kitunguu saumu, na pombe mbili za mchele.

POMBE MBILI! Niliangusha simu kwenye unga. Nimeokoka tangu 1991.

Nikapiga magoti hapo hapo. Jibu likaja wazi: ukiondoa pombe kwa pombe ya mchele, kinachobaki ni mchele. Nitatumia maji niliyochemshia mchele. Shetani ameaibika.

Asali ninayo, Baba Kaluki ana mizinga kumi na miwili. Nikaenda kwa duka ya Gikonyo. Nikamwambia kwa sauti ya chini anipe soya. Akauliza kwa sauti ya juu kama tumbo langu limekataa majani ya chai. Ni ile soya kila mtu anaijua, unga wa kahawia kwa mkebe, ile wanakunywa watu wasiotumia chai wala kahawa. Nikamwambia hapana, ni ya kuku. Gikonyo ni mtu wa Murang'a, hawezi kunyamazia kitu. Alisema kwao kuku akishakufa hapewi kinywaji.

Nilicheka kidogo, kwa adabu. Nikachukua mikebe miwili.

Jumatano, 6 Agosti

Jaribio la kwanza. Vijiko kumi vya soya. Maji ya mchele. Asali kikombe kimoja. Tangawizi, saumu. Nikakoroga nikiimba.

Dakika ya kumi: harufu ya kakao ya watoto. Nzuri. Dakika ya ishirini: nimeacha mwiko katikati ya sufuria, umesimama peke yake. Dakika ya thelathini: nimeinua mwiko, sufuria ikainuka nao.

Lakini ilikuwa inang'aa!

Nilimpa Baba Kaluki aonje. Mume wangu Mutisya si mtu wa maneno. Aliweka mdomoni akafumba macho. Nikajua ameguswa. Kumbe meno ya juu na ya chini yalikuwa yameshikana. Alipofunguka alisema pole pole kwamba hajawahi kula kitu kama hiki, halafu akaomba kilichobaki chote. Furaha yangu! Nilipotoka nje nikamkuta anakipaka kwa tenki ya maji, pale inavuja tangu Pasaka.

Tenki imeacha kuvuja.

Si mchuzi wa kawaida huu.

Alhamisi, 7 Agosti

Kavindu alikuja kuomba ungo. Yeye ana nyungo tatu. Akasimama mlangoni, pua juu kama mbwa wa askari. Akauliza, "Mama Kaluki, unapika viatu?"

Nikasema ni dawa ya magoti ya Baba Kaluki. Mungu anisamehe, ilitoka yenyewe.

Kufika saa kumi walikuwa wamekuja watu sita kuombea magoti. Kavindu ndiye amewaleta, na Biblia mkononi. Wamemaliza chai yote ya wiki. Baba Kaluki alitoka kulisha mbuzi akakuta watu wanalia kwa ajili yake. Nilimkonyeza. Ikabidi achechemee. Mmoja alipomwekea mikono akaacha kuchechemea, basi wakashangilia, wakaimba tena nusu saa.

Amekula ugali bila kuniangalia.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo ndiyo kupika kwenyewe. Nimegundua kosa la Jumatano: ilikuwa ndogo. Kwa hivyo nimepika lita sita. Maji ya mchele mengi, soya mkebe mzima na nusu, asali vikombe kumi na viwili. Imetoka laini, nyeusi-nyekundu. Nilijiona ndani yake. Nilikuwa nimependeza.

Saa tano akaja nyuki mmoja. Nikamkaribisha. Saa sita walikuwa kama ishirini. Saa saba sikuweza kuona kifuniko.

Baba Kaluki alitoka shambani, akasimama mbali, akaongea kuliko ameongea mwaka huu wote. Alisema Agosti hakuna ua hata moja kutoka hapa mpaka Kyuso. Nyuki wana njaa. Kitu kama hicho hakipelekwi mahali watu wamekusanyika, labda kama unataka watawanyike. Nikamwambia hata nyuki wanajua kitu kizuri. Akasema ndiyo, hilo ndilo anasema.

Nimefunika na leso mbili.

Jumapili, 10 Agosti

Daftari, keti chini.

Nilifika kanisani kabla ya jogoo. Kuku nane nimeshachoma, sufuria ya mchuzi nimeiweka kivulini nyuma ya jikoni. Kavindu alikuwa kwa pilau yake, anaikoroga kama anapigwa picha. Aliniuliza magoti ya Baba Kaluki yako wapi. Nikasema yako na mwenyewe.

Saa nne gari ikaingia, nyeupe, inapumua tu, haingurumi. Wakaiegesha pale pale nyuma ya jikoni, wakafungua milango yote na buti, kwa sababu baada ya mahubiri ingeombewa. Kisilu akaniambia nisogeze kuni. Akaipapasa gari akasema si nilisikia akitangaza, gari ya Askofu imetoka Japani, na Jumapili hii tunaibariki.

Gari.

Nikauliza, na Askofu mwenyewe ametoka wapi? Kisilu akasema ametoka Wote mjini, asubuhi hii. Nikauliza kama amewahi kukaa Japani. Akanishika kwa bega akaniuliza kama nimekunywa maji leo.

Kumbe ni gari! Imetoka Japani kwa meli, Askofu ameifuata Mombasa akaileta. Na mimi niko na lita sita!

Wakati huo huo nikasikia kicheko cha Kavindu kinakuja kwenye kona, na kina mama wanne nyuma yake. Wakinikuta na sufuria hiyo wataniuliza ni nini, na mimi sina uwongo mwingine. Buti ilikuwa wazi. Nikasukuma sufuria ndani. Dakika mbili tu, nilifikiri. Wapite, niitoe.

Hawakupita. Walikaa hapo kumenya vitunguu saa nzima, na Kavindu akakaa kwa kiti changu.

Mahubiri yakaisha. Kanisa lote likatoka na viti, na meza ya sadaka, kuzunguka gari. Askofu akaweka mkono juu ya paa, akaanza kuomba safari zote ziwe salama. Nilikuwa nimefumba jicho moja. Na kwa lile lingine nikaona kitu kama moshi kinatoka juu ya miti, kinashuka, kinaingia kwenye buti. Leso zilikuwa zimelowa zote mbili.

Mtu mmoja akapiga kelele, "Nzuki! Nzuki!"

Hapa lazima nikueleze, kwa sababu wewe ni daftari ya Kiswahili. Nyuki kwa Kikamba ni nzuki. Na Mzee Nzuki ni mzee wa kanisa letu, umri themanini na moja, sikio lake moja halifanyi kazi na lile lingine linachagua. Amengoja miaka mingi kuitwa mbele siku kubwa. Watu wakapiga kelele tena, "Nzuki!" Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akaja.

Sisi sote tunakimbia kwenda, yeye peke yake anakuja. Askofu ameingia chini ya meza ya sadaka, ameshikwa sikio. Kisilu ameruka ua. Pasta Evanson amejifunika na bango la kukaribisha wageni. Mzee Nzuki akafika kwa gari, nyuki wamemzunguka kama taji, akainamisha kichwa akaomba. Aliombea gari. Akaombea magurudumu, moja moja. Akaombea Japani. Dakika kumi na moja! Tulimsikia tukiwa chini ya viti, na kila akisema jambo tulikuwa tunaitikia amina, kwa sababu tuliogopa sana. Hakuumwa hata mara moja. Alipomaliza akapungia mkono watu akarudi kwa kiti chake.

Saa kumi Baba Kaluki akaja na moshi na kofia ya wavu, akawatoa kwenye buti pole pole. Mwisho akatoa sufuria, imebaki tupu. Alikuwa ameikumbatia na mikono miwili, ameficha chini yake, kwa sababu anajua. Kila sufuria ya Tawa imeandikwa jina chini, isipotelee kwa mazishi. Yangu nimeiandika na rangi ya kucha, nyekundu. Kavindu akasema ngoja nikusaidie baba, pole na magoti. Akaichukua. Akaipindua.

MAMA KALUKI.

Askofu, sikio lake limefura kama andazi, aliniuliza kwa upole ile ilikuwa nini. Nikasema chakula cha Japani. Akauliza kwa nini. Nikamwambia. Akasema yeye hajawahi kupita Kampala.

Akala pilau. Sahani mbili.

Pasta Evanson hakutangaza kitu. Alinyoosha mkono tu. Kamba ya ufunguo ilikuwa imeshikana na mchuzi na nywele za shingoni, haikupita kichwani. Ikabidi ikatwe. Makasi ilikuwa ya Kavindu.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeamka mara nne nikishika shingo. Hakuna kitu. Nimekaa kwa kigoda mpaka chai ikapoa, na sikulia, ila uji wa mbuzi uliungua na mbuzi hawanywi uji.

Baba Kaluki anapiga mluzi. Mzinga wake uliokuwa mtupu umejaa. Amesema wale nyuki wa Askofu ni wakubwa, wenye adabu. Alinishukuru. Nikamwambia aende mbali.

Mzee Nzuki amechaguliwa kufungua mkutano wa wilaya kwa maombi.

Jumanne, 12 Agosti

Pasta amekuja. Tumeongea vizuri. Amesema hakuna aliye na kinyongo, hata sikio limepungua. Nikimwomba Kavindu msamaha Jumamosi hii mbele ya kina mama wote, kwa kinywa changu, nitarudishwa jikoni. Si kuongoza. Kumenya. Na Krismasi wataangalia upya mambo ya ufunguo. Akasema mara tatu: kwa kinywa, Mama Kaluki, kwa kinywa tu, usibebe kitu.

Nimelia na furaha. Krismasi si mbali.

Jioni Kaluki akapiga simu. Anasema umekosea, mum, soya ya teriyaki si ya mkebe, ni maji meusi ya chumvi kwa chupa, mzungu kwa video alikuwa ameishika mkononi. Kaluki ni mtoto mzuri lakini hajapika kwa watu mia mbili. Mimi nimefikiria sana na nimeona tatizo lilikuwa wapi. Tatizo lilikuwa kifuniko.

Sasa sikiliza. Mtu haendi kuomba msamaha mikono mitupu, mama yangu hakunilea hivyo, na Pasta ni mwanamume, hayo hayajui. Kavindu ana tenki. Inavuja, nimeiona. Nitampelekea ndoo moja ya teriyaki, yenye kifuniko cha kukaza. Kidogo ya kuku, kidogo ya tenki. Atakula, ataziba, ataona roho yangu. Gikonyo ameniwekea mikebe minne na amekataa kuniangalia usoni.

Asali nitachukua kwa ule mzinga mpya. Baba Kaluki asijue.

Wewe unaonaje, Daftari? Nipeleke ikiwa moto ama baridi? Tafadhali nijibu haraka, hata kabla ya Ijumaa, maana asubuhi hiyo nawasha jiko.