Glenroy na Matandazo ya Bure

Kama kujisifu kungekuwa mbolea, Glenroy Ebanks angevuna vitunguu majani vya kulisha Jamaika nzima!

Bwana huyu alikuwa kinyozi Kingston kabla ya kuoa Southfield. Mama mkwe wake, Miss Icilda, alimpa kipande cha shamba kwa sharti moja: akimaliza msimu bila kuzidiwa na magugu, ni chake. Akishindwa, kinarudi kwa mbuzi. Glenroy akacheka mpaka jino la mwisho likaonekana. Kanyoa nusu ya jiji, aje ashindwe na magugu?

Southfield watu hawajichoshi kwa jembe. Wanapanda mlimani kukata nyasi za gini, zile ndefu za malisho, zikiwa changa, wanazianika, halafu wanazitandaza nene kati ya vitunguu. Magugu yanakosa jua, udongo unabaki na unyevu, mgongo unapumzika. Zikifikia kukatwa, kila mtu anadamka na panga lake.

Glenroy hakudamka. Alikuwa dukani kwa Lascelles akisimulia vichwa vya wakubwa alivyowahi kunyoa. Alipofika mlimani, alikuta pamekwanguliwa kote, isipokuwa bonde moja lenye nyasi zinazompita kimo, mashuke yanapepea, hazijaguswa na mtu.

Mkewe, Marva, akamwambia ajiulize kwa nini wote wameziacha. Akajibu kwamba watu wa huku ni wavivu wa kutembea.

Akakata, akabeba, akatandaza shamba zima likawa nene kama godoro la wageni. Kisha akamwita Miss Icilda aje akiri mwenyewe. Mama akaokota shuke moja, akalipukusa kiganjani, akatazama kilichobaki mkononi.

"Umetandaza vizuri sana, mwanangu," akasema, akaondoka zake.

Basi! Dukani hapakukalika. Glenroy akatangaza kwamba ataanza kuwafundisha kilimo.

Mvua za Oktoba zikaja, na shamba likawa kijani mwanzo mpaka mwisho. Glenroy akawakusanya wote wa dukani akawapeleka wakaone. Lascelles akainama, akang'oa kimoja, akakitazama kwa makini.

"Glenroy ndugu yangu, hiki kitunguu mbona kina manyoya?"

Ndipo Glenroy akatambua kwamba kijani chote kile ni nyasi za gini. Alikuwa amebeba mbegu mlimani kwa mabega yake mwenyewe, akazipanda, akazifunika na kuzitunzia unyevu! Akashika jembe, akalima mpaka viganja vikatoka malengelenge. Aking'oa huku, kule kunachipua. Vitunguu vikapotelea humo, na yeye karibu alie.

Asubuhi moja Miss Icilda akatokea na mbuzi wake watatu.

"Mama, nivumilie msimu mmoja tu," Glenroy akaomba.

Miss Icilda akawafungua kamba mmoja mmoja, wala hakuwa na haraka. "Nilisema ukishindwa shamba litarudi kwa mbuzi. Sikujua utawapandia kabisa."

Siku hizi Glenroy ananyoa watu barazani kwa Lascelles, na habari za kilimo hazigusi. Lakini Miss Icilda hapiti pale bila kusimama.

"Mkwe, mbuzi wanakusalimu. Wanauliza utapanda tena lini."