Winchi Yenye Mvuto

Jumatatu, 3 Machi

Kifaru amekwama tena. Safari hii mbele ya geti la shule, wazazi wote wakitazama. Kifaru ni gari langu, gari la milimani, magurudumu yote manne yanasukuma, isipokuwa siku yakigoma. Na aliyekuja kunitoa ni nani? Shemeji! Kaka wa mke wangu, na pikapu yake inayong'aa kama sufuria mpya. Alifunga kamba huku anapiga mluzi. Picha akairusha kwenye kundi la familia kabla sijashuka garini.

Jioni mama watoto ameweka sharti. Jumamosi tunakwenda kwa mama yake. Nikikwama mbele ya mama yake, Kifaru anauzwa. Mnunuzi yupo tayari: shemeji. Anataka kumfanya banda la kuku.

Banda la kuku! Kifaru wangu! Chakula kimenishinda.

Jumanne, 4 Machi

Dawa imepatikana. Winchi! Ile mashine ya kufunga mbele ya gari, yenye waya wa chuma na ndoana. Ukikwama unafunga ndoana kwenye mti, unabonyeza rimoti, gari linajivuta lenyewe. Shemeji abaki na mluzi wake.

Nimemuuliza fundi wangu wa gereji. Amesema jambo la kwanza kwenye winchi ni mvuto. Isipokuwa na mvuto wa kuushinda uzito wa gari, ni kazi bure, maana matope nayo yanavuta kwao. Akaendelea na habari za mota, betri na unene wa waya. Hizo sikuzishika, nilikuwa najikumbusha: mvuto, mvuto, mvuto. Akajitolea kunisindikiza dukani. Nikakataa kwa adabu zote. Fundi na shemeji hucheza drafti pamoja kila jioni. Siri ikiingia gereji, imeshafika kwa shemeji.

Jumatano, 5 Machi

Duka la kwanza: bei ya winchi inakaribia bei ya Kifaru. Duka la pili: imempita. Nimetoka kinyumenyume kama mtu aliyekosea nyumba.

Duka la tatu, kule kona. Muuzaji mpole, anakunywa chai. Kwenye kabati la kioo, ameketi malkia! Winchi nyeusi, mistari myekundu, ndoana inameremeta. Nikauliza bei. Muuzaji akashangaa, akasema hiyo ni ya maonyesho tu.

Ya maonyesho! Winchi iliyokwenda maonyesho, pengine ikarudi na tuzo, na mwenyewe anasema "tu"! Watu wengine Mungu amewajalia unyenyekevu. Nikajikaza uso usiseme, nikauliza swali la kitaalamu: ina mvuto? Akasema kwa mvuto hajaona mfano wake, tangu aiweke pale hapiti mtu bila kugeuza shingo. Bei aliyotaja ni ya kutupa. Nikalipa haraka asije akazinduka.

Nyepesi ajabu. Nimeibeba kwa mkono mmoja hadi nyumbani. Wanaotengeneza vitu siku hizi wana akili.

Ijumaa, 7 Machi

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nimelala chali kabisa, mchanga machoni. Winchi imekaa kwenye bampa utadhani ilizaliwa hapo. Nati mbili zimebaki mkononi. Hizo za akiba.

Nimetafuta pa kuunganishia nyaya za betri, hapapo. Inajitegemea! Kitufe cha rimoti nacho kimechorwa tu. Bila shaka ni ya kugusa, kama simu. Nimegusa, kimya. Inajua hakuna kilichokwama.

Mama watoto ametoka, ameitazama, ameuliza ni nini. Nimemwambia ni pambo tu. Nikacheka kimoyomoyo. Laiti angejua!

Jumamosi, 8 Machi

Ardhi ingepasuka ningeingia mwenyewe, bila kusukumwa.

Njia ya kwa mama mkwe ilikuwa kavu. Niandike ukweli: kavu kabisa. Dimbwi liko pembeni, chini ya mti, watu wote hulikwepa. Lakini shemeji alishafika na pikapu, amesimama uani na familia nzima. Nafasi kama hiyo inarudi? Nikakata usukani, nikaingia dimbwini kwa hiari yangu. Mama watoto akaniuliza kama nimerukwa na akili. Nikamwambia atulie aone.

Kifaru akazama hadi milangoni. Safi! Nikashuka, nikawapungia mkono. Mama mkwe akaletewa kiti. Nikaivuta ndoana kwa madaha kuelekea mtini. Waya ukatoka urefu wa mkono, ukaisha. Nikavuta kwa nguvu. Ukanyofoka wote, nikakaa chini matopeni. Nikagusa rimoti. Nikaibonyeza. Nikaipiga kofi. Nikaisihi.

Shemeji akaja na kamba. Safari hii hakupiga mluzi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akaigonga winchi kwa kidole, ikalia ko, ko, ko. Akafungua kifuniko. Ndani hamna kitu! Plastiki na kipande cha mbao! Mama mkwe akasema, bila kuinuka kitini, debe tupu haliachi kuvuma. Mpaka sasa sijui alimaanisha winchi au mkwe wake.

Tumerudi nyumbani. Mama watoto hakugomba. Ameniomba ufunguo.

Jumapili, 9 Machi

Nimemrudia muuzaji nikiwaka moto. Akanimiminia chai. Akasema aliniambia ni ya maonyesho, ya kuwekwa wateja waone. Na mimi sikuuliza kama inavuta gari, niliuliza kama ina mvuto. Je, mimi mwenyewe haikunivuta? Nikanywa chai yake.

Kisha akaomba nimrudishie, atanipa pesa yangu yote. Tangu iondoke wateja wamepungua.

Hapo nikashtuka. Mfanyabiashara na akili zake, anaililia kiasi hicho? Basi ina thamani nisiyoijua. Nikamwambia siuzi ng'o.

Mchana nilimtoa Kifaru vitu vyake: tochi, mwavuli, kofia yangu. Nilimshika usukani kidogo. Nimelia. Aliyeniona ni paka peke yake.

Jumatano, 12 Machi

Nimepita kwa shemeji. Kuku tisa wamo ndani ya Kifaru. Jogoo kakaa kiti changu. Shemeji amenirudishia winchi iliyobaki kwenye bampa, kwa heshima kabisa, akasema kuku hawaihitaji.

Nimekaa nayo barazani. Haina hatia. Kilichokosekana ni gari la hadhi yake! Nimempigia simu yule muuzaji, na kumbe ana rafiki mwenye gari la milimani, bei nafuu mno. Fundi simwambii, drafti bado inachezwa. Nimeuliza mwenyewe swali la msingi: lina mvuto? Amesema watu husimama barabarani kulitazama. Kasoro ni moja, haliji lenyewe. Itabidi livutwe.

Nimemwambia asijali. Winchi ninayo.