Kiwiko cha Taifa

Kuanzia Jumatatu ya kwanza ya muhula wa pili, wanafunzi wote nchini waliamriwa kujiamini. Tangazo lilisomwa redioni kabla tu ya bei za ng'ombe, mahali palipotengwa kwa mambo mazito, na halikuacha shaka. Mwalimu akiuliza swali, kila mtoto anyooshe mkono, na aunyooshe kabla swali halijaisha. Darasa lenye mikono yote juu litahesabiwa kuwa limeelimika. Darasa lenye mkono uliobaki chini litatembelewa.

Aliyeliandika tangazo hilo ni Rra Tidimalo, yaani Bwana Tidimalo, Kaimu Mkurugenzi wa Kurugenzi ya Kujiamini. Huu ulikuwa mwaka wake wa tisa wa kukaimu. Neno Kaimu lilikuwa limemng'ang'ania kama kupe, na wala hapakuwa na mkurugenzi mwingine aliyetarajiwa kurudi kutoka popote. Mama mkwe wake, akimtambulisha misibani, alikuwa na maneno yake: "Huyu ni mkwe wetu wa muda." Watu walicheka, na Rra Tidimalo alicheka nao, kisha akakosa hamu ya chakula.

Sasa Mheshimiwa Waziri alikuwa amempa ahadi. Siku ya Sherehe ya Taifa ya Kujiamini, akiona kwa macho yake kwamba nchi imejiamini, atalifuta neno Kaimu mbele ya watu wote. Rra Tidimalo hakutaka zaidi ya hilo duniani.

Akaanza ziara. Kila asubuhi, akielekea kwenye gari lake nyuma ya ofisi, alilizunguka rundo la madawati mapya lililofika toka mwaka jana. Madawati hayakuwa yamesahauliwa, watu wasije wakaisingizia serikali. Yalikuwa yakisubiri kuzinduliwa. Kamati ya Uzinduzi wa Madawati ilikuwa bado inatafuta utepe wa samawati ya bendera, kwa kuwa Mheshimiwa aliukataa ule wa kwanza akisema ni samawati ya bahari, na nchi haina bahari. Wakati wakisubiri, wafanyakazi wa Kurugenzi waliyakalia mchana kula magwinya yao, na mafuta ya maandazi hayo yalikuwa yameanza kuzipa mbao rangi nzuri.

Katika Shule ya Msingi ya Morakane, Rra Tidimalo alikuta darasa la tano wakiwa wamekaa juu ya makopo matupu ya rangi, wima kama askari. Mwalimu wao, Mma Segametsi, alimkaribisha aulize swali lolote. Akauliza lile alilolitunga mwenyewe kwa wiki mbili.

"Nani atanieleza nafasi ya mwanafunzi katika ujenzi shirikishi wa umahiri endelevu?"

Mikono yote ikapanda, na alichokiona hakuwa amekiona popote. Kila mtoto alinyoosha mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akakishika kiwiko. Mkono unaoshikiliwa kiwiko ndio mkono wa adabu, ndio unaompa mkubwa maji na kupokea kutoka kwake. Hapa watoto walikuwa wameunganisha kujiamini na heshima bila semina, bila posho.

Hakumwita yeyote ajibu. Kurugenzi ilikuwa na msimamo juu ya majibu: majibu huharibu takwimu.

"Rra," alisema Mma Segametsi wakitoka nje, "kuhusu hivyo viwiko."

"Usinieleze, Mma. Nimeona mwenyewe."

"Ni kwamba mtoto akikishika kiwiko, maana yake..."

"Maana yake imeingia mpaka moyoni. Nani alikuletea huu utaratibu?"

"Hakuna, Rra. Nilitaka tu kujua nani..."

"Hakuna," Rra Tidimalo alimwambia dereva wake. "Unasikia? Kitu kimeota chenyewe kwenye ardhi yetu. Na huyu mama anataka kukikana kwa unyenyekevu."

"Si unyenyekevu, Rra."

"Ndivyo wanyenyekevu wote wanavyosema," alisema, akapanda gari.

Kabla mwezi haujaisha, Mkao wa Morakane ulikuwa sera. Mabango yalibandikwa kuanzia mtoni kaskazini mpaka kwenye mchanga wa jangwa la Kgalagadi. Daktari wa mifupa alilipwa kushauri kiwiko kishikwe kwa vidole vingapi. Wakurugenzi wote walipelekwa hotelini kufanya mazoezi, siku tatu na chakula, na wengine walizoea hata wakawa wanaagiza chai kwa mkao huo. Shuleni mambo yalikwenda vizuri kupita matarajio. Walimu waliripoti kwamba watoto hawakuhitaji kufundishwa; walikuwa wameshaujua, wakaupokea kwa furaha ambayo haikuwahi kuonekana katika sera nyingine yoyote.

Siku ya sherehe hema kubwa lilisimamishwa uwanjani Morakane. Masufuria ya seswaa, ile nyama ya kupondwa ya sherehe, yalichemka toka alfajiri. Watoto waliletwa kwa mabasi kutoka kila wilaya wakaketishwa chini kwenye vumbi, na mbele yao yakapangwa makochi ya kukodi kwa ajili ya wakubwa. Mama mkwe wa Rra Tidimalo alikuwa safu ya pili, amejifunga shali yake ya buluu ya siku kubwa.

Mwanafunzi mmoja angemuuliza Mheshimiwa swali. Alichaguliwa Tshenolo wa darasa la tano, mtoto mdogo wa umbo mwenye sauti ya mama yake, muuza magwinya wa ng'ambo ya barabara anayesikika mpaka zahanati. Swali liliandaliwa na Kurugenzi: Mheshimiwa, siri ya mafanikio yako ni nini?

Rra Tidimalo alimpeleka nyuma ya hema wafanye mazoezi ya mwisho.

"Umefurahi kuchaguliwa?"

Tshenolo akanyoosha mkono, akashika kiwiko.

"Safi. Unadhani Mheshimiwa atakujibuje?"

Mkono, kiwiko.

"Basi sema sasa, mwanangu."

"Nimeshasema, Rra."

"Umesema nini?"

"Kwamba sijui." Alimtazama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyepotea njia. "Ukijua unanyoosha mkono mtupu. Usipojua unashika kiwiko, Mma asije akakuita ukaaibika. Wageni wanaona mikono yote iko juu, na Mma anaona wa kumwita."

Rra Tidimalo akachuchumaa mbele yake.

"Siku ile nilipokuja," alisema taratibu, "nilipouliza lile swali."

"Hakuna aliyelielewa, Rra. Hata Mma alishika kiwiko."

"Na nani mwingine anajua jambo hili?"

"Watoto wote."

"Wa hapa Morakane?"

"Wa nchi nzima, Rra. Likizo ya katikati ya muhula tuliwafundisha binamu zetu wa kila wilaya huko kwenye mazizi ya ng'ombe."

Ving'ora vikasikika barabarani. Msafara wa Mheshimiwa ulikuwa unakata kona. Rra Tidimalo alifikiria kusema, akafikiria miaka tisa, akamwona mama mkwe wake akiinyoosha shali. Akaenda kukaa kwenye kochi lake, la mwisho pembeni, la makaimu.

Mheshimiwa Waziri alihutubia kwa kirefu. Alisema nchi imeuzika uoga na matanga yamekwisha. Alisema kiongozi wa kweli hawaambii watoto kitu asichokifanya mwenyewe.

"Kwa hiyo, wakubwa wenzangu," alisema akiwageukia wa kwenye makochi, "swali likija, sote mikono juu. Mkao kamili. Tuwaonyeshe."

Tshenolo akapewa kipaza sauti ambacho hakukihitaji. Alikitazama, akawatazama wakubwa, akayatazama makochi kwa muda mrefu zaidi.

"Mheshimiwa," alisema, "redio imetuambia tujiamini, kwa hiyo nitauliza langu. Sisi tunakaa kwenye makopo ya rangi. Ukiyakalia sana yanakuchora duara. Madawati yetu yako wapi?"

Kwa mujibu wa sera, mikono ilipanda kabla swali halijaisha. Mheshimiwa Waziri, Katibu Mkuu, wakurugenzi wote kwa vyeo vyao, kila mmoja mkono wa kulia juu na kiwiko kimeshikwa kwa vidole vinne alivyoshauri daktari. Kwa upande wa mpangilio, halikuwahi kufanyika jambo zuri kama lile katika historia ya utumishi wa umma.

Kisha kule nyuma, walikokaa watoto waliotoka mji wa Maun, mmoja akasema bila kukusudia kusikika, "Kumbe hata wao."

Kicheko kikaanzia hapo kikaja mbele safu kwa safu. Hawakucheka kwa dharau. Walicheka kama mtu anayegundua kwamba jirani anayemwogopa naye hukimbia kuku. Mheshimiwa alidhani anapendwa. Akaunyanyua mkono juu zaidi, akakibana kiwiko sawasawa, na kadiri alivyokibana ndivyo watoto walivyogaragara.

"Asante, Mheshimiwa," alisema Tshenolo. "Sikutegemea kama ungekubali."

Tabasamu la Mheshimiwa halikutikisika, ila alisema kwa upande wa mdomo, "Kaimu. Wanacheka nini?"

Rra Tidimalo peke yake ndiye aliyekuwa hajanyoosha mkono. Hakuwahi kunyoosha mkono maishani mwake. Shuleni alikaa nyuma ya kijana mnene kwa makusudi, na hata yale aliyoyajua alirudi nayo nyumbani. Sasa alijua wanacheka nini. Alijua pia madawati yalipo, maana jana tu aliyakalia akala. Alijua kwamba akisema, neno Kaimu watamzika nalo. Aliwatazama wale watoto kwenye vumbi, na aibu ikamjaa, aibu ya kawaida kabisa isiyo na cheo.

Akapiga moyo konde. Akanyoosha mkono wa kulia. Wa kushoto akauacha gotini.

Watoto wa mbele ndio waliouona kwanza, wakanyamaza, na ukimya ukarudi nyuma kwa njia ileile kilikopita kicheko.

"Huyo anajua," alisema Tshenolo kwenye kipaza sauti.

Mheshimiwa hakuwa na pa kutokea. "Enhee, Kaimu. Waeleze."

"Yapo, Mheshimiwa. Yako nyuma ya ofisi yangu. Yanasubiri utepe."

"Utepe gani?"

"Wa samawati. Ule wa kwanza uliukataa kwa sababu ya bahari."

Malori yalifika kabla seswaa haijapoa. Mheshimiwa alitangaza kwamba huo ulikuwa mpango wake tangu awali na kwamba alitaka kuwashtukiza. Alikaa kwenye dawati la kwanza apigwe picha, akainuka na doa la mafuta ya magwinya kwenye suruali. Kuhusu Kaimu hakutamka neno, wala Rra Tidimalo hakulisubiri. Mpaka leo angali Kaimu. Lakini alipokuwa akishusha madawati, koti begani, alimsikia mama mkwe wake akimwonyesha kwa jirani yake wa safu ya pili.

"Yule aliyenyoosha mkono mtupu. Ni mkwe wetu."

"Yule wa muda?"

"Wa muda nani amesema?" mama mkwe aliuliza, akajifunga shali upya.

Siku ya pili Mkao wa Morakane ulifutwa nchi nzima, na ni marufuku mtoto kushika kiwiko popote penye paa la serikali. Amri hiyo inafuatwa barabara. Ila picha ya Mheshimiwa na mkono wake ilitoka magazetini ukurasa mzima, na sasa, mwalimu akimwita mtoto asiye na jibu, kuanzia mtoni mpaka mchangani, mtoto husimama wima penye dawati lake, mikono chini, bila hofu yoyote, akasema:

"Leo mimi ni Waziri, Mma."