Dau la Firigisi

Ijumaa, 24 Oktoba

Mimi ni mtu wa bahati. Sijisifu, naandika tu jinsi ilivyo. Tangu nianze kubeti mpira wa vyuo vya Marekani, ule wa helmeti, sijawahi kushindwa. Waulize watu wa Stratford, huku ughaibuni ninakoishi. Waulize walinzi wenzangu pale madukani. Linus Shivachi akitaja timu, timu inashinda. Wazungu wana kompyuta, mimi nina Shinyalu, kijiji cha kwetu.

Mkakati wangu ni huu. Kila chuo kina mnyama wake, wa jina na nembo. Sisumbuki na wachezaji, wale ni wanafunzi, leo yupo kesho amehitimu. Naangalia mnyama. Nimekulia huko, kwenye mapigano ya mafahali. Baba Mkubwa Ingosi alinibeba mabegani kwenda uwanjani kabla sijaota meno. Kwa hiyo najua nani akikutana na nani atakimbia. Dubu anampiga mbwa. Nyoka anampiga dubu, kwa sababu dubu haangalii chini. Na fahali anampiga kila mtu. Basi.

Huwa nabeti na Nitin, mwenye duka la kutengeneza simu Edgware Road. Kazaliwa Kisumu, anaishi Stanmore, anaongea Kiswahili cha sokoni vizuri kuliko mimi. Binti yake Ushma anasoma Marekani, chuo ambacho mnyama wake ni jogoo. Nitin anabeti jogoo kila wiki, acheze na nani, acheze wapi. Huo si mkakati. Huo ni uzazi.

Pesa hatubeti. Mke wangu Haika aliniapisha mbele ya mchungaji, baada ya mambo fulani ya tiketi za ndege ambayo hayana faida kuandikwa. Tunabeti vitu. Kwa sasa mwavuli wangu mkubwa uko kwa Nitin. Koti la mvua pia. Na redio. Ni mbinu. Vitu vyangu vikikaa kwake, anajisahau.

Jumapili, 26 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma leo, sikukumbuka. Nimefika kazini mapema saa nzima. Bosi kanipongeza mbele ya watu. Bahati hiyo, sikuitafuta.

Habari kubwa zaidi: Baba Mkubwa anakuja! Kapiga simu mwenyewe kutoka Shinyalu, anaongea kwa sauti kama vile simu haipo. Anatua Alhamisi. Atakaa kwangu, Jumapili tule pamoja, kisha aende Luton kwa binamu yangu Eddie.

Sababu ya safari ni fahali. Ana fahali mchanga, mweusi, shingo kama pipa, Desemba anaingia uwanjani mara ya kwanza. Hana jina. Atapewa jina la mpwa mmoja. Wa nyumbani ameshawapitia, tumebaki mimi na Eddie, na Baba Mkubwa anakuja kuona ni nani kati yetu aliye na boma la kueleweka.

Nimekaa kitandani nikawaza. Uwanja umejaa. Ngoma ya isukuti inalia. Watu wazima wanavua kofia na kupiga kelele, Linus, Linus. Nimekohoa kwa furaha mpaka Haika akaniletea maji.

Eddie ana nyumba yenye bustani na jiko la kuchomea nyama. Mimi nina fleti ghorofa ya saba na lifti yenye hasira. Lakini nina kuku. Na kuku ana firigisi. Kwetu firigisi si nyama, ni cheo. Inaliwa na mwenye boma. Mgeni anatazama inatua kwenye sahani ya nani, hapo anajua nani ni nani. Mpango wangu: Haika ataileta mezani, nitaitafuna polepole, Baba Mkubwa akinitazama mdomo. Fahali ni wangu.

Haika kasema kwao Marangu firigisi ni ya atakayewahi jikoni. Nimemsamehe.

Jumanne, 28 Oktoba

Jumamosi hii Fahali wanacheza na Jogoo. Nimesoma mara mbili kuhakikisha. Fahali na kuku! Nimemhurumia Nitin kwa dhati.

Halafu bahati ikanifuata mpaka kazini. Maureen, tunayelinda naye mlango wa mashariki, ana kaka huko Marekani. Kaniambia Wamarekani hawajarudisha saa zao nyuma, wanangoja wiki ijayo. Kwa hiyo mechi ambazo siku zote tunaziona saa kumi na moja jioni, Jumamosi hii zitaanza saa kumi.

Nitin hajui. Nitin huwasha televisheni ya dukani saa kumi na moja kamili kama mtu anayemeza dawa. Basi mimi nitaangalia mwanzo wa mechi nyumbani. Nikiona Fahali wanaongoza, napanda treni, nafika kwake kabla hajawasha, tunapeana mikono. Nitabeti mechi ambayo nimeshaiona!

Haika kauliza kama huo si wizi. Nimemwambia ni jiografia.

Jumamosi, 1 Novemba

Naandika nikiwa nimelala chali.

Saa kumi nilikuwa sebuleni na Baba Mkubwa, simu imeegemea chupa ya chai. Akauliza mafahali wako wapi. Nikamwonyesha. Akasema hao ni vijana waliovaa sufuria. Nikamweleza wanavyosukumana. Akaelewa haraka, akasogeza kiti. Fahali walianza kwa fujo. Wakapata alama, wakapata tena, wakawa na kumi na saba na Jogoo hawana kitu. Nikavaa viatu. Baba Mkubwa akasema nisiende, yule mnene wa mbele anahema vibaya, hatamaliza. Nikamwambia Baba Mkubwa, huyu si ng'ombe, huyu ana daktari wake. Nikakimbia.

Nikaingia chini ya ardhi. Simu ikafa mtandao. Nilikuwa natabasamu peke yangu, mwanamke mmoja akahama kiti.

Nilipotoka juu ningeweza kuangalia simu. Ilikuwa mfukoni. Sikuangalia. Nilikuwa na haraka ya kushinda.

Nitin yuko nyuma ya kaunta, televisheni imezimwa, mpole kama nini. Akaniuliza leo naweka nini. Nikamwambia leo nataka vyangu vyote, mwavuli, koti na redio. Akasema sawa bwana, na wewe je? Nikatafuta. Sikuwa na kitu kilichobaki. Kinywa changu, bila kuniuliza, kikasema firigisi ya kesho.

Nitin akaacha bisibisi. Mtu wa Kisumu anajua firigisi ni nini. Akaniuliza Shivachi, una hakika, na mzee wenu yuko nyumbani? Nikamwambia lete mkono, unaogopa? Akaleta.

Akawasha. Mechi katikati. Fahali kumi na saba, Jogoo kumi na nne.

Nikamtazama Nitin kuona kama atashtuka kwamba mechi ilishaanza. Hakushtuka. Akaninywesha chai ya tangawizi. Ndipo akasema Ushma alimpigia tangu jana kumwambia mechi ni saa kumi. Alikuwa akiiangalia kwenye simu chini ya kaunta. Aliona jogoo akidonoa mara mbili wakati mimi niko chini ya ardhi natabasamu.

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Mtu mwongo kiasi hicho, na miaka yote hiyo nilidhani ni mimi peke yangu.

Yule mnene wa mbele alitolewa uwanjani akihema. Mwisho: Fahali ishirini, Jogoo ishirini na moja. Nitin aliruka akagonga rafu, chaja zikamwagika kama mvua. Nami nikamsaidia kuziokota. Nikapita duka la nyama nikanunua kilo nzima ya firigisi, kwa sababu nina akili.

Jumapili, 2 Novemba

Asubuhi nimempigia Nitin. Nimemkumbusha kwamba yeye hali nyama, hajawahi kula, babu yake hakula. Basi aseme ana mafua, abaki Stanmore. Akasema dau ni dau, na mkewe Kavita ameshakaanga kachori.

Mpango wa pili: zile firigisi za kilo. Moja kwa Nitin, moja kwangu, kila mtu na heshima yake. Haika kanikatalia. Kasema Baba Mkubwa amefuga kuku tangu ukoloni, anajua kuku mmoja ana firigisi ngapi. Akazitupa kwenye friza na kunifukuza jikoni kwa mwiko.

Saa saba wote mezani. Baba Mkubwa kwenye kiti changu, Nitin na mkewe Kavita na bakuli la kachori, mimi nikitoka jasho mwezi wa kumi na moja. Haika akaja na sahani ndogo. Firigisi iko peke yake katikati, inang'aa. Akasimama. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama taa.

Nitin akasafisha koo akasema samahani mama, hiyo ni yangu.

Baba Mkubwa akaweka kijiko chini. Akauliza taratibu, yako kivipi? Na Nitin, badala ya kudanganya kama binadamu, akasema yote. Jogoo, fahali, saa za Marekani, mkono, yeye na simu yake chini ya kaunta, mimi na treni yangu. Nilisikia jina langu kwenye hadithi hiyo mara nyingi kuliko nilivyopenda. Niliona uwanja wa Shinyalu ukinyamaza. Niliona Eddie akishangiliwa.

Halafu Nitin akasimama. Akaichukua sahani kwa mikono miwili, akazunguka meza, akaiweka mbele ya Baba Mkubwa. Akasema Mzee, nimeshinda kihalali, au karibu na hapo. Lakini mimi nyama sili. Na hata kama ningekula, mzee akiwa ndani ya nyumba, hii kitu si yangu.

Baba Mkubwa akaichukua, akaitafuna polepole, vile vile nilivyopanga kuitafuna mimi. Akafuta mdomo. Akasema ameshapita kwa wapwa zake Nairobi na Mombasa. Kila mmoja alikula firigisi mbele yake ili amwonyeshe alivyo mkubwa. Hakuna aliyemsogezea. Alikuwa anangoja tu aone.

Nikaona vizuri kabisa. Hata ningeshinda dau, ningeshindwa.

Akamuuliza Nitin jina lake. Akamwambia arudie. Akalionja ulimini, Ni-tin, Ni-tin, kama mtu anayelipigia isukuti. Akasema hilo litabebeka uwanjani. Fahali anaitwa Nitin.

Niliumia mpaka chai ilipokuja. Hapo Nitin akauliza kwa wasiwasi, huyo fahali anakula nini? Baba Mkubwa akasema majani tu, maisha yake yote. Nitin akasema basi huyo ni ndugu yangu kabisa. Kavita akaanza kucheka, Haika akafuata, Baba Mkubwa akapiga meza mpaka kachori zikaruka, na mimi nikajikuta nacheka kuliko wote. Nitin wa Stanmore, shingo kama pipa! Tulimfundisha kukwaruza zulia kwa mguu. Jirani wa chini aligonga dari kwa ufagio.

Walipoondoka mvua ilikuwa inanyesha. Nitin akanipa mwavuli wangu niwasindikize stesheni. Tulipofika akauchukua tena.

Jumatano, 5 Novemba

Baba Mkubwa yuko Luton. Eddie kanipigia kunicheka, eti nimeshindwa na muuza chaja. Nimemwambia jina limetoka mezani kwangu, siyo kwenye bustani yake. Ushma kaandika kutoka Marekani, kwa Kiingereza, kwamba bweni zima sasa linamshangilia fahali wa Shinyalu. Nitin kabandika picha ya fahali dukani, juu kabisa ya vioo vya simu, na wateja Waarabu wanauliza bei yake.

Zile firigisi za kilo Haika kasema nizimalize mwenyewe. Nakula firigisi kila jioni. Hakuna anayetazama.

Sasa, Jumamosi. Jogoo wanacheza na Kobe. Nimelifikiria hili kwa makini sana kazini. Jogoo atamfanya nini kobe? Atadonoa wapi? Kobe anaingia ndani, anafunga mlango, anangoja. Na safari hii saa za Marekani na za hapa zote zimesharudishwa nyuma, hakuna wa kumdanganya mwenzake. Ni akili tupu.

Nitin kauliza naweka nini. Baba Mkubwa ameniahidi kiti kando yake siku fahali Nitin atakapoingia uwanjani Desemba. Nimeweka kiti hicho. Tumeshapeana mikono. Haika hajui.

Na ile habari niliyoandika Ijumaa ile, kwamba sijawahi kushindwa, ni uongo. Mwavuli, koti, redio, vyote alivishinda. Mimi sijawahi kushinda hata mara moja.