Nyumba Isiyo na Kushoto

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Bosi ametuita mezani kwake, mimi na Bi Rula. Bi Rula ni mchoraji mwenzangu. Hupima kila kitu. Hata keki ya kumuaga mhasibu aliipima kabla ya kuikata.

Bosi anasema ofisi yetu ya usanifu majengo imeachwa nyuma. Wateja wamechoka na picha zilizosimama. Wanataka kutembea ndani ya nyumba kwenye skrini kabla haijajengwa, wageukie watakako, na picha iwafuate papo hapo. Kuna programu mbili za kazi hiyo, na tumepewa zote kwa majaribio. Moja ina alama ya kijani, nyingine ya chungwa. Mimi nimepewa Kijani, Bi Rula Chungwa. Ijumaa mteja atazilinganisha kwa modeli ya nyumba yake mwenyewe. Atakayeshinda atakuwa Mkuu wa Picha na atahamia meza ya dirishani. Atakayeshindwa atakwenda kumshikia futi mpima viwanja. Juani! Niliwahi kuishika miezi minne. Sitaki kuikumbuka.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nyumba ni ya Mama Mwalimu, mwalimu mstaafu, anayeijenga ili aishi na mama yake mzazi. Bibi huyo amekula chumvi nyingi na anatumia kiti cha magurudumu. Michoro yote niliichora mimi. Kazi safi, ingawa ni mimi ninayesema.

Bi Rula ameaga asubuhi, ati anakwenda kumtembelea bibi amuulize mambo mawili matatu. Eti kuuliza! Nyuma yake bosi ameniagiza niandae nakala mbili za modeli, zilingane kila kitu, ili mashindano yawe ya haki. Nimeitikia kwa unyenyekevu. Kisha nimefunga mlango.

Nakala ya Chungwa nimeijaza miti mia sita, kila mmoja na majani yake yote. Nimeongeza makochi arobaini na mawili yaliyoshonwa uzi mmoja mmoja. Nilipoifungua, feni ya kompyuta ilipiga kelele hadi mhasibu mpya akachungulia.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Leo nimeishughulikia nakala yangu. Kijani ilikuwa inakwama kidogo kwenye kona, nami sipendi kukwama. Nikaanza kupunguza uzito. Kwanza nikatoa mabomba, maana nani anatazama mabomba? Kisha paa kwa ndani. Kisha vyumba vya kulala, bafu na korido nzima ya kushoto. Nimebakiza geti, baraza, sebule na jiko lililo upande wa kulia. Sasa inateleza kama sabuni.

Nimefikiria sana kuhusu njia. Mtu akiingia sebuleni anataka kuona jiko. Jiko liko kulia. Basi atakwenda kulia. Huo ni utaalamu.

Jioni nimemweleza mke wangu, ambaye ni fundi cherehani. Hakuinua macho kwenye pindo alilokuwa analishona. Aliniuliza kama nimeshona gauni la mbele tu. Nikamwambia mambo ya kompyuta hayafanani na ya cherehani. Akasema sawa, ila yeye wateja wake huwa wanageuka. Wivu wa kazi huo.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mazoezi mbele ya bosi. Kijani ilitia fora. Geti, baraza, sebule, jiko, sekunde ishirini! Bosi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Chungwa ilijikongoja. Hadi inafika barazani bosi alikuwa ameshajibu simu na kuikata.

Nilitegemea Bi Rula achachamae. Badala yake akanishukuru. Amesema miti ni mingi mno, ataing'oa karibu yote, lakini michache ataibakiza nje ya dirisha la bibi, maana bibi aliomba kivuli. Makochi ameyatoa hadi yakabaki mawili, akayapima nafasi ya kupita katikati. Akaniita kaka yake mwema. Nimekosa raha mchana kutwa. Hata hivyo Chungwa bado ni nzito kuliko Kijani, na hilo ndilo la msingi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mama Mwalimu amekuja saa nne kamili, na mama yake kwenye kiti. Sikutegemea bibi angekuja.

Nilianza mimi. Geti likafunguka, baraza ikang'aa. Bibi akasema ni pazuri. Tukaingia sebuleni. Nikashika mshale wa kwenda jikoni, na hapo Mama Mwalimu akaomba ashike kipanya mwenyewe. Bosi akampa. Bosi mwenyewe!

Akageuka kushoto.

Tukadondoka. Hapakuwa na sakafu, wala ukuta, wala chochote. Anga la buluu tu, na nyumba ikatuacha juu, ubao mmoja wa mbele ulioegemea hewa. Bibi alishika mikono ya kiti chake kwa nguvu. Mama Mwalimu akauliza, kwa sauti ile ya kusahihisha madaftari, chumba cha mama yake kiko wapi. Nikasema kinaandaliwa. Kijasho chembamba kilinitoka mpaka kwenye soksi.

Kisha Chungwa. Bi Rula alikuwa ameishusha kamera ya programu hadi usawa wa mtu aliyeketi. Ilikwenda taratibu, na nikasubiri bibi achoke. Bibi akasema huo ndio mwendo wake hasa. Akaiona miti dirishani akatabasamu. Wakashika korido ya kushoto kuelekea bafuni, na mlangoni picha ikaruka juu kidogo. Kidogo sana. Kwa mwendo wa Kijani hakuna ambaye angeiona.

Bibi akauliza mbona tumepanda.

Bi Rula akapima: sentimita kumi na tano. Kipandio mlangoni kwa bafu, na mwenye bafu yuko kwenye kiti cha magurudumu. Bosi akauliza nani aliyechora. Nilijifanya natafuta kalamu chini ya meza. Bibi akasema, bila hasira, kwamba kwa binti yake wanakoishi sasa kuna kimoja kama hicho, na kila asubuhi hungoja mtu wa kumbeba. Alitarajia huku ataingia mwenyewe.

Nilihuzunika, nakiri. Nilikaa pale chini ya meza muda mrefu kuliko nilivyohitaji.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Bi Rula ni Mkuu wa Picha. Meza ya dirishani imeshapimwa. Mimi nimeshika futi tangu saa mbili, na mpima viwanja haamini katika kofia.

Saa nane bosi akaniita kivulini. Amenipa nafasi ya mwisho. Niondoe kile kipandio, Mama Mwalimu na bibi wakirudi Ijumaa wakione kimeondoka, nami nirudi ndani. Nilimshukuru hadi akatazama pembeni.

Nimekaa nikaangalia michoro. Kukiondoa kweli ni kushusha sakafu ya bafu, kuhamisha bomba la maji machafu na kuchora upya karatasi saba. Siku tatu, nne. Kukiondoa kwenye modeli ni dakika mbili.

Nimemaliza kwa dakika moja na nusu. Korido sasa ni laini kabisa. Mlango wa bafu unaning'inia hewani kidogo, lakini nimeweka chungu cha maua mbele yake. Ni kweli chungu kimeziba njia. Basi nimemwomba Bi Rula aipandishe kamera ipite juu ya chungu, asiulize sababu. Akauliza sababu.

Si kitu. Ijumaa nitashika kipanya mwenyewe. Tutakwenda kulia.