Mtaro wa Hajara

Adrisi wa Bugembe alikuwa na koti moja la kaki, kalamu mbili zisizo na wino, na ulimi laini kama samli. Kwa mtaji huo alipita vita vya mwaka sabini na tisa bila kukosa chai ya asubuhi hata siku moja.

Kiangazi kilichofuata, akiwa kwenye chai hiyo, alisikia watu wakinong'ona: fundi nguo Bakhit, kabla ya kukimbilia Sudani, alifukia vyerehani sita katika ua wa dada yake Hajara, mjini Jinja. Adrisi hakumaliza chai.

Alimkuta Hajara barazani. Mama huyo alikuwa amerudi karibuni kutoka mafichoni, akakuta nyasi zimefika madirishani. Ng'ambo ya barabara watu walichoma vichaka wapate kulima, majivu yakianguka juu ya bati lake.

"Mimi ni Afisa wa Moto," alisema Adrisi. "Mama, nyumba hii ni kiberiti. Imebaki kukwaruzwa tu."

"Wiki ya pili sasa silali, afande. Nifanye nini?"

"Serikali inataka ardhi tupu, hatua kumi kila upande. Na mtaro wa kina cha kiuno."

"Kiuno? Kwa moto wa nyasi?"

"Moto wa siku hizi, mama, unapita chini kwa chini. Umejifunza vitani."

Hajara akausikitikia moto wa siku hizi. "Lakini vibarua sina."

"Nitachimba mwenyewe," alisema Adrisi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaomba jembe.

Alifyeka nyasi siku mbili. Akahamisha kuni zilizoegemea ukuta, maana huenda cherehani kilikuwa chini yake. Akakata matawi ya mfenesi yaliyogusa bati. Kisha akachimba, na kuchimba, huku Hajara akimfuata nyuma taratibu, akipanda migomba na viazi vitamu kwenye udongo uliolainishwa. Saa saba alimletea muhogo. Vyerehani havikuonekana, hata sindano.

Siku ya saba upepo uligeuka. Moto ukaruka barabara, ukala ua wa jirani, ukaja ukinguruma. Ulipofika kwenye udongo mtupu ukatafuta cha kula, ukakosa, ukafa. Adrisi aliyaona hayo yote akiwa mtaroni. Katika yote aliyosema, hakuwa ameamini hata neno moja.

Hajara alijifuta majivu na machozi kwa ncha ya ushungi, akaketi ukingoni mwa mtaro.

"Nyumba hii aliijenga mama yangu. Nakushukuru kweli, bwana. Ila afisa wa serikali hashiki jembe. Nilikujua siku ya kwanza."

"Na ukanyamaza?"

"Ulikuwa unachimba vizuri."

Adrisi aliyatazama malengelenge yake. "Na vyerehani?"

Hajara akaangalia kushoto na kulia, akapunguza sauti. "Bakhit hakuiamini Jinja. Alivipeleka Mbale, kwa dada yetu Kadija, pale Namatala. Nasikia ua wake umeota magugu mpaka mlangoni."

Siku tatu baadaye Adrisi alikuwa Namatala, koti limefuliwa na kunyooshwa. Kabla hajakohoa, mlango ukafunguliwa. Kadija alikuwa amesimama pale, uso wa bashasha, jembe mkononi.

"Karibu, Afisa wa Moto. Salamu za Hajara zimekutangulia. Tuanzie upande wa jikoni."